Skeli ya 1:72, 1:48 au 1:144: ipi inafaa kwa kabati moja la ndege za kivita?

Rafu ya Tatu (mwanzilishi wa uzi)

Salamu kwenu, wakusanyaji wenzangu. Kwa miaka miwili nimekuwa nikinunua modeli za metali za ndege za kivita bila mpango, nikifuata tu kilichonivutia siku hiyo, na sasa kabati langu la vioo limejaa ndege ambazo haziwezi kukaa pamoja bila kumdanganya mtazamaji. Nina Spitfire ya skeli ya 1:48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi, yenye mabawa ya sentimita 23 kutoka ncha hadi ncha, na kando yake nina Lancaster ya 1:144 ambayo mabawa yake hayafiki hata sentimita 22. Mgeni aliyezitazama juzi aliniuliza kwa nini ndege ya rubani mmoja ni kubwa kuliko ndege ya injini nne, nami sikuwa na jibu la maana, kwa sababu katika uhalisia Lancaster ina mabawa ya mita 31 na Spitfire ina mita 11 na kidogo.

Nimeamua kuuza zilizopo na kuanza upya kwa skeli moja. Kabati lina rafu nne, kila rafu ina upana wa sentimita 80 na kina cha sentimita 30. Ninachopenda zaidi ni ndege za Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na jeti chache za enzi ya Vita Baridi. Nimepiga hesabu ya awali kwa kutumia Spitfire: rafu moja inaweza kubeba kumi za skeli ya 1:72 kwa safu mbili, tatu tu za 1:48, na takribani arobaini za 1:144, bila kuhesabu nafasi ya kupitisha vidole. Hesabu hiyo inanielekeza upande mmoja na macho yangu yananivuta upande mwingine. Naomba maoni ya waliokwisha kulipitia jambo hili.

Mabawa Mawili

Ndugu Rafu ya Tatu, hesabu yako ni sahihi, ila kuna jambo moja linalotangulia hesabu, nalo ni upatikanaji. Katika modeli za metali za ndege za kivita, 1:72 ndiyo skeli ambayo watengenezaji wengi wameielekezea nguvu zao. Corgi wana mfululizo wao wa Aviation Archive, Hobby Master wana jeti nyingi za skeli hiyo, na wengine kama Century Wings na Calibre Wings wametoa jeti za F-14 za 1:72. Ukichagua skeli hii utaweza kuweka ndege ya mwaka 1940 na ya mwaka 1980 kwenye rafu moja, zikatoka kwa watengenezaji watatu tofauti, na bado zikalingana.

Skeli yenyewe ina asili inayoeleweka, kwa kuwa inchi moja ya modeli ni futi sita za ndege halisi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule kuchonga modeli za mbao za 1:72 ili askari wafundishwe kutambua ndege za adui na za rafiki kwa umbo. Sababu ya kuichagua unaweza kuijaribu mwenyewe sasa hivi: simama mita 10 kutoka kwenye modeli ya 1:72, na utaiona kwa ukubwa uleule ambao ungeiona ndege halisi ikiwa umbali wa mita 720. Mimi hulifanya jaribio hili kila ninapopata ndege mpya, na sijalichoka.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ulinganisho. Weka P-47 ya Marekani kando ya Bf 109 ya Ujerumani, zote za 1:72. Ya kwanza ina mabawa ya sentimita 17 na kiwiliwili kinene kama pipa, ya pili haifiki sentimita 14 na imekonda. Utadhani fahali amesimamishwa kando ya mbuzi, ilhali ndege hizi zilipigana hewani kama wapinzani wa daraja moja. Mimi niliijua tofauti hiyo kwa tarakimu kwa miaka mingi, lakini sikuielewa mpaka nilipoziweka pamoja.

Kioo cha Rubani

Naheshimu hoja za Mabawa Mawili, ila nitatetea 1:48, kwa sababu naona wengi wanaikataa kwa ajili ya nafasi bila kuangalia kinachopotea.

Chukua mistari ya maungio ya mabati, ile iliyochorwa juu ya bawa. Kalibu ya metali haiwezi kutoa mstari mwembamba kama unavyotakiwa kuwa. Tuseme mstari una upana wa nusu milimita. Kwenye 1:72 huo ni sawa na ufa wa milimita 36 katika ndege halisi, ufa ambao fundi angeweza kutumbukiza vidole viwili. Kwenye 1:48 mstari huohuo unakuwa milimita 24, na kwenye 1:144 unakuwa milimita 72, yaani mtaro. Kadiri skeli inavyokuwa ndogo, ndivyo kasoro ileile ya kalibu inavyozidi kuonekana.

Kisha kuna chumba cha rubani. Katika Mustang yangu ya 1:48, ambayo mabawa yake yana sentimita 23 na nusu, ninaona mikanda ya kiti, ninaona saa za vipimo zikiwa na mishale yake, na kioo kinafunguka kwa kuteleza kuelekea nyuma kama cha Mustang halisi ya aina ya P-51D. Katika 1:72 ninaona kichwa cha rubani na giza. Mtu anayependa ndege kwa ajili ya mashine yenyewe, na si kwa ajili ya umbo lake la mbali, atashiba haraka zaidi kwa ndege nane za 1:48 kuliko kwa arobaini za skeli nyingine.

Nakiri udhaifu mmoja. Modeli za metali za 1:48 si nyingi kama za 1:72, na baadhi ya zile nzuri, kama za mfululizo wa Armour wa Franklin Mint, utazipata zaidi kwa mkono wa pili. Na ndege ya mabomu ya injini nne usiifikirie kabisa: Lancaster ya 1:48 ingekuwa na mabawa ya sentimita 65 na urefu wa sentimita 44, na isingeingia kwenye rafu yako.

Nzito Kidogo

Wenzangu mmezungumzia ukubwa tu. Kuna uzito, na watu huusahau kwa kuwa ndio uliowavutia hapo mwanzo. Aloi inayotumika kwa kawaida ni ya zinki yenye takribani asilimia 4 ya alumini, na ujazo wake mmoja una uzito unaozidi mara sita ule wa plastiki ya modeli. Ukitoka 1:72 kwenda 1:48, urefu unaongezeka mara moja na nusu, lakini ujazo unaongezeka zaidi ya mara tatu. Watengenezaji hupunguza tatizo kwa kuacha tumbo wazi na kutumia plastiki kwenye sehemu nyembamba, ila rafu ya kioo itauhisi uzito huo, na miguu ya magurudumu itauhisi zaidi.

Nilikuwa na jeti ya injini mbili, ambayo mtengenezaji wake sitamtaja, na niliisimamisha kwa magurudumu kwa sababu nilitaka ionekane kama iko uwanjani. Baada ya msimu mmoja wa joto niliona bawa la kushoto limeshuka kidogo. Nilidhani rafu imepinda, nikaweka pima maji, rafu ilikuwa sawa. Mguu mwembamba wa plastiki ulikuwa umelala taratibu chini ya mzigo wa metali, na ulipofika hapo haukurudi tena. Tangu wakati huo kila ndege yangu nzito inakaa kwenye stendi ikiwa imekunja magurudumu, na zile zinazosimama ni nyepesi, au zina miguu ya metali.

Kwa kuwa umesema utauza na kununua upya, na huenda ukanunua za zamani, naongeza onyo kuhusu ugonjwa wa zinki. Aloi ikichanganyika na madini ya risasi hata kwa kiasi kidogo sana, metali huanza kuliwa kutoka ndani, kwenye mipaka ya chembe zake: kwanza rangi hutoa vilengelenge vidogo, halafu hutokea nyufa kama za tope lililokauka, na mwishowe bawa hujipinda au humeguka lenyewe bila kuguswa. Modeli nyingi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ziliangamia hivyo. Ugonjwa huu hauna tiba, na unyevunyevu pamoja na joto huuharakisha. Hata hivyo hauambukizi, kinyume na wanavyoamini wengi, kwa hiyo hakuna haja ya kuitenga ndege mgonjwa kana kwamba ina ukoma. Unaponunua ya zamani, omba picha ya tumbo na ya ncha za mabawa katika mwanga wa pembeni, maana vilengelenge havionekani katika picha iliyopigwa kutoka mbele.

Mtazamaji wa Mbali

Kwa ufupi: 1:144 haikustahili kudharauliwa namna hii. Ndege ya mabomu ya B-52 ya 1:72 ingekuwa na mabawa ya sentimita 78 na urefu wa sentimita 67, na haiingii kwenye kabati la mtu yeyote humu. Ya 1:144 ina mabawa ya sentimita 39, na ya 1:200 ina 28. Anayependa ndege za mabomu na za mizigo hana njia nyingine, na mistari mipana anayoilalamikia Kioo cha Rubani haimsumbui anayetazama akiwa mbali kwa hatua mbili.

Bibi Rafadha

Nimesoma yote, na naona mnajibu maswali tofauti. Mwanzilishi anataka ndege za Vita vya Pili na jeti chache, naye ameshaumizwa na mchanganyiko. Kwake 1:72 ndiyo jibu, lakini si kwa sababu ya wingi wa chaguo. Ni kwa sababu hiyo ndiyo skeli pekee kati ya hizi ambayo Spitfire bado ina kitu cha kutazamwa na Lancaster bado inaingia kabatini. Katika 1:144 Spitfire inakuwa na mabawa ya sentimita 8 tu, na kwa ukubwa huo alama za kikosi zinakuwa madoa.

Nawaomba pia muangalie rangi kabla ya skeli. Rangi moja ikipulizwa juu ya metali na juu ya plastiki haikauki kwa sura moja, na ndiyo sababu pua ya plastiki ya jeti nyingi za kijivu huonekana kama imetoka kwenye ndege nyingine. Mimi hutazama sehemu tatu tu katika picha za muuzaji: maungio ya bawa na kiwiliwili, mpaka wa pua, na ukingo wa kioo cha rubani. Zikiwa safi hizo, mengine yatavumilika. Zikiwa mbaya, hata kadi ya toleo lenye idadi maalumu haitakufariji.

Kwa jeti, Ndugu Rafu ya Tatu, fikiria F-14. Mabawa yake yakifunguliwa katika 1:72 yana sentimita 27, na yakivutwa nyuma yanabaki 16. Ni ndege adimu inayokubali kupunguzwa pale rafu inapojaa.

Kioo cha Rubani

Bibi Rafadha, kuhusu pua za kijivu umenipata, maana nina moja hapa mbele yangu. Bado nitabaki na 1:48 yangu, ila kwa kabati la ndugu yetu sitabisha tena.

Rafu ya Tatu (mwanzilishi wa uzi)

Nawashukuru wote. Nimechagua 1:72. Kabla ya kuagiza chochote nilikata maboksi matupu kwa maumbo ya msalaba, moja kwa kila ndege ninayoitaka, nikayapanga kabatini jana usiku. Rafu mbili zilijipanga bila shida: Spitfire, Hurricane na Bf 109 mbele, P-47 na Mustang nyuma yake.

Tatizo lilikuwa Lancaster. Ina urefu wa sentimita 29 na milimita 3, kina cha rafu ni 30, na kufuli ya mlango inaingia ndani kwa sentimita moja. Mlango haukufunga. Nilikuwa karibu kuiondoa kwenye orodha, kisha nikaigeuza boksi kidogo, kama nyuzi 20, pua ikielekea kona ya kulia. Kwa kuwa ndege ni msalaba na si mstatili, ilipogeuka ilipungua pande zote mbili: kina kikawa karibu sentimita 28, na upana ukashuka kutoka 43 hadi kama 41. Mlango umefunga, na upande wa kushoto imebaki nafasi ya Hurricane ya pili.

Mzee Nzito Kidogo, swali la mwisho kwako: Lancaster hiyo itakaa kwenye stendi kama ulivyoshauri, lakini mkono wa stendi umeshika tumbo kwa tundu moja tu. Je, ndege ikiwa imegeuzwa hivyo, bila ukuta wa kuiegemeza, nifunge mkono huo kwa kitu chochote, au uzito wake wenyewe unatosha kuishikilia?

Nzito Kidogo

Usitumie gundi kamwe. Zungushia ncha ya mkono utepe mwembamba wa karatasi mpaka uingie kwa kukaza, na jaribu ukiwa umeweka mto chini yake kwa siku moja kabla ya kuiacha juu ya kioo. Uzito unatosha kuishikilia ikiwa imetulia. Kinachoiangusha ni mlango wa kabati unapofungwa kwa nguvu.