Mfadhili Mmarekani kaandika wame-"table" andiko letu. Tumepata au tumekosa?

Asali ya Miombo
Wakuu, habari za majukumu. Naombeni msaada wa haraka kwa wanaokijua Kiingereza vizuri.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafuga nyuki, Sikonge, mkoani Tabora. Tuliandika andiko la mradi kuomba mizinga 50 ya kisasa kwa shirika moja dogo lililoko Minnesota, Marekani. Jana jioni wamejibu kwamba andiko letu wame-"table". Kamusi yangu inasema meza, halafu inasema kuwasilisha hoja. Nimeelewa kwamba limefika mezani kwa wakubwa na linajadiliwa. Mwenyekiti naye kaelewa hivyo hivyo. Ila tangu jana roho haijatulia. Ni neno moja tu, wakuu.

Kibatari
Table ni meza. Mwanangu wa chekechea anajua. Karibuni chakula.

Mwalimu wa Zamu
Kibatari, meza ni mlango tu wa kuingilia. Jedwali la takwimu ni table. Zile tebo tulizokariri huku mwalimu kashika fimbo ni table. Wachimba visima wana "water table", kina ambacho kuanzia hapo kwenda chini ardhi imeshiba maji. Na hili bado ni neno dogo: wahariri wa kamusi ya Oxford walipolifikia "run" walihesabu maana 645 za kitenzi peke yake. Ndiyo maana darasani nakataa mwanafunzi kuniuliza neno tupu. Mleta uzi, weka sentensi nzima.

Bint Malindi
Umenikumbusha mbali. Mwaka wangu wa kwanza Maskati nilifanya kazi kwa bibi mmoja wa Kiingereza. Siku moja akaniuliza, "Do you mind staying on Friday?" Mie "mind" nikiijua ni akili tu, basi nikajibu "Yes, madam" kwa adabu zote, nikidhani nimekubali kubaki. Kumbe nimemwambia naona taabu. Akatabasamu, akaondoka. Miezi miwili nzima Ijumaa akiitwa mwenzangu, na pesa ya ziada akipata yeye, nami nalia chumbani nadhani nimechukiwa. Siku niliyofahamishwa maana yake niliketi pale pale jikoni, sufuria mkononi.

Mzee Kidawa
Mimi nauliza, mnawaomba wageni mizinga ya nini? Wazee wa huko walirina asali kwa mizinga ya magome, na asali ya Tabora ikajulikana. Tumezidi kuomba.

Asali ya Miombo
Mzee Kidawa shikamoo. Mzinga wa gome unaua mti mzima, mzee wangu, na misitu siyo ile ya enzi zenu. Tunaomba kwa sababu hiyo.

Mwalimu, sentensi ni ndefu, lakini maana yake ni kwamba bodi imelipenda sana andiko letu.

Mwalimu wa Zamu
Sijaomba maana yake. Nimeomba sentensi.

Asali ya Miombo
"The board loved it, but let's table it for now."

Karani wa Bunge
Niko Nairobi, na kazi yangu ni makaratasi ya Bunge. Mkuu, pole. Hapa kwetu, sawa na kwenu Dodoma, tumerithi Kiingereza cha Uingereza: ku-table ni kuwasilisha mezani ili jambo lishughulikiwe. Kwenu mna hata kipindi cha hati za kuwasilisha mezani. Mmarekani anageuza kabisa. Kwake ku-table ni kuliweka jambo kando lisijadiliwe sasa. Katika Baraza lao la Wawakilishi, hoja ya ku-table ikipita, kwa kawaida jambo ndilo limekufa. Na wewe ulituficha "but" na "for now", ambazo ndizo zinazoonyesha anakotoka.

Asali ya Miombo
Lakini "loved it", mkuu. Mtu hapendi kitu halafu akakiweka kando. Na hata kama ni kando, fundi hawezi kusubiri.

Mwalimu wa Zamu
Fundi yupi?

Asali ya Miombo
Seremala. Leo asubuhi nimempa 1,750,000, nusu ya bei ya mizinga yote, kutoka mfuko wa kikundi. Alikuwa na mteja mwingine anazitaka mbao zile zile, na mizinga lazima itundikwe kabla miti haijachanua, vinginevyo msimu umepita. Mwenyekiti alishatangaza kikaoni. Mngefanyaje?

Konda wa Zamani
Wakuu, hii ni chai. Jana jioni roho haijatulia, leo asubuhi analipa milioni na ushee, jioni ndiyo anakuja kuuliza maana ya neno? Nani anafanya hivyo? Akaunti yenyewe imefunguliwa leo.

Kibatari
Chai ya tangawizi kabisa. Na asali ipo.

Bint Malindi
Mie namwamini. Mwenye hofu hukimbilia kulipa ili jambo liwe limekwisha. Mwacheni.

Konda wa Zamani
Basi atuambie fundi kafikia wapi.

Asali ya Miombo
Konda, nimefungua akaunti kwa ajili ya hili, sina mtu wa kumuuliza hapa. Ningekuwa natunga ningejiweka vizuri zaidi. Kwenye hela ile kuna hisa za mama mjane aliyeuza mbuzi wawili. Nilipomkabidhi fundi, zilikuwa bado zimefungwa kwenye kile kitambaa chake cha kanga.

Karani wa Bunge
Usibishane nao. Mwandikie mfadhili sasa hivi: unamaanisha bodi italijadili karibuni, au limeahirishwa? Kama limeahirishwa, mpaka lini?

Asali ya Miombo
Ataona tumeandikiwa andiko na mtu mwingine, sisi wenyewe hatujui lugha.

Karani wa Bunge
Churchill anasimulia katika kumbukumbu zake za vita kwamba maofisa wake Waingereza walitaka ku-table karatasi ya dharura, wenzao wa Marekani wakapinga kwa sababu jambo ni zito. Wakabishana muda mrefu, tena kwa ukali, kumbe wote wanataka lile lile. Wale walizaliwa na Kiingereza mdomoni. Wewe unaona haya ya nini?

Mwalimu wa Zamu
Na umpigie fundi kabla hujaandika.

Asali ya Miombo
Nimempigia. Ameshachana mbao za mizinga 12. Nimemwambia asiguse nyingine, kanuna lakini kakubali. Barua nimetuma saa tatu hii usiku, kule ni mchana bado. Niko macho.