Naomba ushauri: medali ya kampeni ya Lincoln ya 1860

Habari zenu wakuu. Nakusanya medali za siasa na uzalendo za wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Nyingi nilizonazo ni vile vipande vya shaba vya 1863, saizi ya senti, vilivyotumika kama chenji watu walipoficha sarafu. Hivyo navimudu.

Sasa kuna muuzaji ana medali ya 1860: picha ya Lincoln upande mmoja, mgombea mwenza Hamlin upande wa pili. Naitamani mno! Picha hizo hupigwa juu ya bati jembamba la chuma, na ya Hamlin imeanza kutu pembeni. Kuijua kama ni halisi, sumaku inatosha? Na kutu niiache, au kuna namna ya kuizuia isienee?