Kesi ya kompyuta ya lita 10 kwa joto hili la Dar, ntakaanga mashine?

MzeeWaKlipu
Wakuu habari za jioni. Mimi naediti video za harusi na sendofu, nakaa Kimara, na wikiendi nyingi niko njiani, leo Morogoro kesho Tanga, sasa maharusi wa siku hizi wanataka klipu za kuweka status usiku uleule kabla keki haijaisha, na mashine yangu ni ule mnara mkubwa wa kizamani, kuubeba kwenye basi ni sawa na kusafiri na mbuzi. Kwaiyo nataka kuhamishia kila kitu kwenye kesi ndogo, nimeipenda Fractal Terra, ina lita 10 na kidogo, inaingia kwenye begi la mgongoni. Nilivyonavyo ni prosesa Ryzen 7 7700, mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya saizi ya micro-ATX, ramu nne za GB 16, kadi ya michoro RTX 4070 ya feni tatu na pawa saplai ya kawaida wati 650. Maswali mawili tu, hivi vitu vitaingia humo au ntanunua upya? Na joto letu halitaiua? Chumba changu hakina AC, kina feni ya dari na imani.

KijanaWaGereji
Nunua laptop mkuu uache kujitesa

MzeeWaKlipu
Ninayo. Ikirenda (kuitoa video iliyokamilika) robo saa inaanza kulia kama fuso inapanda Kitonga halafu inajipunguza spidi yenyewe, juzi bibi harusi amepiga simu mara sita mimi niko asilimia 41.

FundiBisibisi
Mkuu kabla ya joto tuanze na rula maana hapo ndo wengi wanalia. Mazabodi haiingii, Terra inachukua Mini-ITX tu, yaani mm 170 kwa 170, wakati micro-ATX inafika mpaka 244 kwa 244. Na Mini-ITX ya AM5, soketi ya prosesa yako, ina sloti mbili za ramu, kwaiyo mbili zako zinabaki kabatini, au uuze zote nne uchukue mbili za GB 32. Pawa saplai nayo haiingii. Yako ya kawaida, yaani ATX, ina upana wa mm 150 na kimo 86, humo inataka SFX ambayo ni 125 kwa 63.5, urefu 100, na usikubali kuambiwa dukani "hii ni ndogo bosi itaingia tu", tamka SFX na uione imeandikwa kwenye boksi. Wati 600 nzuri inakutosha, 4070 inakula 200, prosesa ikikazana 88, vilivyobaki ni hela ya chai.

Haya kadi. Humo ndani kuna ukuta wa katikati unaosogezwa, upande huu mazabodi, upande ule kadi, zimepeana mgongo kama mke na mume waliogombana. Ukiipa kadi nafasi unainyima hitisinki, yaani kipoza joto cha prosesa. Hitisinki inaweza kufika mm 77 lakini hapo kadi inabidi iwe nyembamba kweli, kama mm 43. Urefu wa kadi mwisho 322. Kapime ya kwako sasa hivi, usikisie.

Joto sasa. Watu wanaangalia video za majaribio zilizofanyika kwenye chumba cha nyuzi 21 halafu wanashangaa ya kwao inachemka. Hitisinki haiwezi kupoza kupita hewa inayoivuta, hakuna uchawi, chumba chako Februari kikiwa nyuzi 32 wewe jumlisha kama 11 kwenye kila namba unayoiona, aliyepata 78 wewe utapata 89 au hapo jirani. Haitakufa, mpaka wa 7700 ni 95 na ikifika hapo inajipunguza yenyewe, ila hicho ndo unachokikimbia kwenye laptop. Kwaiyo ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi kabla Windows haijawaka) washa Eco Mode ya wati 45, hiyo 45 ni jina la mpangilio tu, ulaji halisi wa prosesa utashuka kutoka 88 mpaka kama 60 na kasi inayopotea ni ndogo kuliko unavyodhani, ile 28 ya mwisho ni ya kujionyesha tu. Kadi ishushie volti kwa programu ya MSI Afterburner. Hitisinki chukua Thermalright AXP90-X47, ina mm 47, inabaki nafasi ya kutosha upande wa kadi.

BintiKisauni
Salaam kutoka Mombasa. Mie nilianza na kesi ya namna hiyo (sio Terra, ni nyengine ya bei rahisi) nikaiuza, sasa natumia Cooler Master NR200 ya lita 18 na nimetulia. Kilichonishinda ni ile raiza, ile kebo bapa inayounganisha kadi na mazabodi. Iliyokuja na kesi ilikuwa ya PCIe 3 (toleo la njia ya data ya kadi) na kadi yangu ni ya 4, nikawasha nikapata giza tupu, feni zinazunguka na skrini imelala fofofo. Siku mbili nafungua nafunga, nishaanza kulaumu kadi, kumbe dawa ni kuchomeka skrini kwenye tundu la mazabodi lenyewe (hizi Ryzen 7000 za kawaida zina michoro yao ndani), ukaingia BIOS ukaitoa ile sloti kwenye Auto ukaiweka Gen3. Ikawaka papo hapo! Terra yenyewe inakuja na raiza ya PCIe 4 kwaiyo huenda yasikukute, lakini liweke akilini usije ukarudisha kadi nzima dukani bure.

NR200 haina raiza, kadi inakaa kwenye mazabodi moja kwa moja na feni za chini zinaipulizia, na hitisinki yaingia ya kimo mpaka mm 155, yaani ya mnara, si hizo chapati. Kwa joto la pwani hiyo tofauti waisikia kwa masikio, yangu haipigi kelele. Ubaya wake haiingii begi la mgongoni, mie natia kwenye begi la magurudumu na nguo za kuizungushia.

Na ukifunga, waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini 8 kule pembeni, uchomeke kabla hujakaza pawa saplai. Mie nilisahau, nikafungua tena kila kitu na bado nina alama kidoleni. Tena ukisafiri nayo ipakate, usiitie kwenye buti la basi, kadi nzito ikirukaruka na matuta inang'oa sloti. Na vumbi ni kila mwezi, kwetu huku lachanganyika na chumvi linaganda kama ukoko.

MzeeWaKlipu
Aisee asanteni sana, nimepima kwa rula ya shule ya mwanangu mara tatu. Unene 52. Urefu 338 🙃

FundiBisibisi
Duh. Terra inakosa mm 16. NR200 mwisho wake ni 330 kwaiyo hata kwa dada yetu wa Mombasa umekosa 8. Na hizo 8 usijaribu kukata bati.

KijanaWaGereji
Grainda ninayo hapa gereji, leta

PangaBoi
Mnamtajirisha muuza duka tu. Kama shida ni klipu za usiku, kuna hizi kompyuta za ofisi Dell OptiPlex 7060 za SFF, yaani za umbo dogo, zinazokuja used, unatafuta RTX 3050 ya GB 6 ile fupi ya kimo nusu, inakula wati 70 na haihitaji waya wa umeme, unachomeka unaondoka. Mnara unabaki nyumbani kwa kazi kubwa. Ila hakikisha ni kimo nusu kweli na kibati chake kifupi kimo kwenye boksi, na usiwaze kuongeza pawa saplai baadaye, ile ni ya Dell yenyewe na ina wati 200 tu.

BintiKisauni
Hilo nalo wazo, japo kwa 4K za kamera tatu ataisikia tofauti.

MzeeWaKlipu
Nafanya kamera mbili, ya tatu ni ya mjomba wa bwana harusi na haiingii kwenye kazi 😂. OptiPlex nimeitafakari lakini sitaki mashine mbili, mafaili yatanipotea. Nimeamua hivi, 4070 ya feni tatu nabadilishana na mwenye ya feni mbili, zipo za mm 240 na kitu, naongeza mazabodi na SFX, na kesi nachukua NR200 sababu ya joto, begi la magurudumu nipo nalo. Terra nitaendelea kuitamani kwenye picha. Kuna mtu humu anatoka Dubai mwezi huu anibebee SFX?

FundiBisibisi
Shemeji yangu anarudi tarehe 20, njoo inbox. Ila usinunue mpaka umepata wa kubadilishana naye kadi.

KijanaWaGereji
Kwaiyo grainda haitakiwi?