Naomba ushauri: muziki wa metali ya kasi umeanza kunichosha, nielekee wapi?

Habari zenu, ndugu zangu. Nikiwa sekondari sikutaka kusikia kitu kingine zaidi ya bendi za Metallica na Slayer, hasa Master of Puppets na Reign in Blood, albamu zote mbili za mwaka 1986, na wimbo wowote uliokwenda taratibu niliuruka. Siku hizi mbio zilezile hunichosha kabla sijafika katikati, ingawa Reign in Blood ilipotoka haikufika hata dakika 30.

Kinachonivuta sasa ni uzito usio na haraka. Nimewarudia Black Sabbath, ambao zamani niliwaona kuwa muziki wa wazee, na nimekwama kwenye Master of Reality ya mwaka 1971, ambamo mpiga gitaa wao Tony Iommi, aliyekuwa amepoteza ncha za vidole viwili kiwandani huko Birmingham, alilegeza nyuzi za gitaa ili zisimpe taabu, na mlio ukawa mzito kuliko wa albamu zao mbili za kwanza. Nimeipenda pia albamu ya Damnation ya bendi ya Opeth, ya mwaka 2003, isiyo na sauti za kunguruma kabisa. Rafiki zangu wanasema nimezeeka, nami sikubaliani nao.

Je, niendelee na metali ya polepole kama ya Candlemass, au nivuke niingie kwenye roki ya King Crimson? Na ninyi mliopitia mabadiliko haya, hamu ya kasi iliwarudia? Nauliza kwa sababu kuna mtu anataka kuzinunua CD zangu zote za Slayer, na anasubiri jibu.