Kiuno cha mama: ni misuli au figo?

binti_Jambiani
Asalaam aleikum wapendwa. Naomba ushauri kuhusu mama yangu, ana miaka 52, mkulima wa mwani. Bamvua lililopita, maji yalipokupwa sana, alibeba viroba vya mwani mbichi kutoka majini hadi pwani, na jioni kiuno kikaanza kumuuma upande wa kulia. Hii wiki ya pili. Akiinuka kwenye mbuzi baada ya kukuna nazi, lazima ashike ukuta kwanza. Majirani wanasema ni figo kwa kuwa hushinda juani bila kunywa maji, na mmoja keshamletea mizizi ya kuchemsha. Mimi nahisi ni misuli, lakini naogopa kumkanda nyumbani kumbe kuna jambo kubwa. Nitajuaje?

kijana_wa_Wete
Wa aleikum salaam. Apigwe chuku tu dada, aumikwe hapo panapouma. Bibi yangu alipona hivyo.

muuguzi_mstaafu
Pole mwanangu, na mama mpe pole. Chuku siitukani, lakini tujue kwanza kinachouma.

Misuli iliyovutika huuma kwa kufuata mwendo. Akiinama, akigeuka kitandani, akiinuka, inauma. Akipata mkao unaomfaa, inatulia. Figo haijali mkao. Maumivu yake hukaa juu zaidi, ubavuni chini ya mbavu, na mara nyingi huja na homa ya kutetemeka, kichefuchefu, mkojo unaochoma au wenye damu. Mtu mwenye kijiwe cha figo hagandi mahali pamoja, hujiviringisha huku na huku. Mwenye misuli hata kupiga chafya anaogopa.

Mlaze kifudifudi, umbonyeze polepole kando ya uti wa mgongo, si juu ya mfupa. Kisha muulize kama maumivu yanashuka mguuni, na kama ana ganzi. Hiyo mizizi isubiri kwanza. Dawa usiyoijua yaweza kuziumiza hizo figo ambazo huenda ni nzima.

baba_Mkoani
Naongeza neno. Mzee wetu alikuwa mchumaji karafuu, mgongo wake ukaitwa wa kazi miezi mingi. Lakini alikuwa akikonda, usiku akitoka jasho, na maumivu hayampi usingizi hata akilala vipi. Ikaonekana ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alhamdulillah alitibiwa akapona. Mama akiwa na dalili hizo, usingoje.

binti_Jambiani
Ahsanteni sana. Nimembonyeza. Kando ya uti, upande wa kulia, pamekaza kama kamba, na nilipogusa hapo alipiga kelele. Akilala ubavu na mto katikati ya magoti anapata nafuu. Homa hana, mkojo hauna tatizo, hajakonda. Ila anasema maumivu yanafika takoni na nyuma ya paja. Ganzi hana.

muuguzi_mstaafu
Yote hayo yanaelekea kwenye misuli. Hata ya misuli hufika takoni na pajani. Yakivuka goti kama umeme hadi unyayoni, na ganzi au vidole vya mguu kukosa nguvu, hapo ni mshipa wa fahamu uliobanwa, aonwe na daktari.

Asilale kutwa kitandani, misuli itazidi kukaza. Atembee kidogo kidogo uani, umkande kwa kitambaa cha maji moto, na parasetamoli anaweza kutumia kwa kipimo kilichoandikwa. Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, asinunue dukani bila kuuliza, hasa kama ana vidonda vya tumbo, presha au figo. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache. Asipopata nafuu wiki mbili zijazo, mpeleke akapimwe, na mkojo wapime pia ili majirani nao watulie.

Jambo moja halina kusubiri hata asubuhi: akishindwa kukojoa, au mkojo ukamtoka bila kujijua, au akafa ganzi sehemu za siri na mapaja kwa ndani, au miguu ikalegea. Saa hiyo hiyo hospitali.

binti_Jambiani
Nimeelewa, Mungu akulipe. Na bamvua lijalo anataka kushuka pwani, nimkatazeje?

muuguzi_mstaafu
Usimkataze yote. Viroba wabebe vijana. Yeye afunge mbegu kwenye kamba, akalie kitu cha juu badala ya kuchuchumaa mchangani, na kila mara asimame ajinyooshe.