Kizazi kushuka, mimba ya wiki 22: mbona dai limenirudia mara mbili?

KaraniWaTudor

Assalam aleikum wenzangu wa rekodi. Niko hospitali ya binafsi hapa Mombasa, chumba cha mafaili, huu mwaka wa tatu. Kuna dai la bima limeninyima usingizi, na sioni haya kulileta mbele yenu.

Mama ana mimba ya wiki 22 na siku 3, uzazi wa nne. Kazi yake sokoni, kutwa kuinua magunia. Alikuja akisema, "Kuna kitu kinanitoka nikikohoa." Akalazwa siku mbili, kitanda kikainuliwa upande wa miguu, akatiwa pesari, kifaa cha kuingizwa ukeni kushikilia kizazi, akarudi kwake. Ukurasa mzima wa daktari una mstari mmoja tu, nawatafsiria: "Kizazi kimeshuka, kimerudishwa, pesari imewekwa." Basi. Chini yake pana doa la kahawia la iodini lililomeza nusu ya sahihi.

Nikafungua kitabu cha misimbo ya maradhi, ICD-10, sura ya viungo vya uzazi, nikaweka N81.2, yaani kizazi kushuka bila kutoka chote. Bima ikalirudisha. Mwenzangu mmoja anayeshughulikia madai ya Marekani akiwa nyumbani kwake akaniambia, weka O34.522. Nikaweka. Mfumo wetu ukasema msimbo huo haupo. Sasa dirisha la malipo limemwita yule mama alipe mwenyewe kwanza, kisha atarudishiwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nakosea wapi?

BibiWaMafaili

Waaleikum salaam mwanangu. Umekosea mara moja tu. Hiyo ya pili si kosa lako wala la mwenzako, ni vitabu viwili kugongana.

Anza na N81. Usiishie kwenye orodha yake, soma na yale maneno madogo chini ya kichwa, yale ya vinavyotolewa nje ya kundi hilo. Pameandikwa wazi kwamba viungo vya uzazi vikishuka na kutatiza mimba, uchungu au kujifungua, uende O34.5. Mwanamke akiwa mjamzito na tatizo ni la mimba hiyo, sura ya O, ya mimba na kujifungua, ndiyo yake. Wala usiweke N81 ya pili ubavuni ili kuonyesha kizazi kimeshuka kiasi gani. Havikai pamoja.

Sasa vitabu. ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani inaishia O34.5, na hapo ndani hakipo kizazi kilichoshuka peke yake. Kipo pia kilichopinda nyuma na kilichokwama kwenye nyonga. Wamarekani wana toleo lao, wakaipasua: O34.52 ni kushuka, na tarakimu ya sita inataja trimesta, yaani theluthi ya mimba. 1 ni kabla ya wiki 14 kutimia, 2 ni kuanzia wiki 14 hadi siku moja kabla ya 28, 3 ni kuanzia 28 mpaka ajifungue, na 9 ni pale ambapo faili halikusema. Juu yake huongeza Z3A ya wiki zilizotimia, kwa mama huyu Z3A.22. Kwa hiyo mwenzako kakupa jibu sahihi la Marekani. Mfumo wenu unasoma la Dunia, basi andika O34.5 na uache hapo.

Hiyo 9 naichukia. Kila nikiiona najua kuna mtu hakuuliza hedhi ya mwisho, au aliuliza hakuandika.

MkungaLikoni

Mimi si wa misimbo, ni wa wodi, lakini huo mstari mmoja umenichoma. Tazameni: Bibi kasema O34.5 haisemi kizazi kimeshuka kiasi gani. Basi kama msimbo hausemi na faili halisemi, nani atajua? Mama huyu akija usiku na wiki zake 36, mimi ndiye nitakayempokea.

Ninachotaka kukikuta ni hiki. Mlango wa kizazi uko wapi ukipimwa kutoka kizinda, kwa sentimita, mama akisukuma. Kizinda ni sifuri, ndani ni kutoa, nje ni kujumlisha. Daktari akiandika "+2", najua ni hatua ya 3 kwa POP-Q, kile kipimo cha viungo vya nyonga vilivyoshuka, maana hatua ya 2 inakomea +1. "Kimeshuka" peke yake kila mtu analisoma kwa macho yake. Halafu: mlango umefura? Una kidonda kwa kusuguana na nguo? Anakojoa sawasawa, au mkojo umeziba? Kuna maumivu yanayokuja na kuondoka? Pesari ni ya aina gani, saizi ngapi, na lini arudi kuoshwa na kukaguliwa.

Uvimbe msiuchukulie mzaha. Mlango uliofura sana unaweza kukataa kufunguka siku ya uchungu, na hapo ni mama na mtoto wote wawili hatarini.

BibiWaMafaili

Umesema kweli, Mkunga, na siku hiyo msimbo nao unabadilika. Uchungu ukikwama kwa sababu hiyo si O34.5 tena, ni O65.5. Na kama baada ya kujifungua kizazi hakikurudi, nifasi tunaihesabu wiki sita, siku 42, yaani arubaini zetu na siku mbili juu. Baada ya hapo ndipo anarudi N81.

Karani, jambo moja zaidi. Usilijaze faili mwenyewe hata kama unaijua habari yote. Mwendee daktari, muulize wazi: "Ulikiona wapi, na mimba ilikuwa ya wiki ngapi?" Usimtilie jibu mdomoni. Aandike nyongeza yenye tarehe na saa ya leo, ule mstari wa zamani ubaki vilevile.

WaMalipo_Kisauni

Na neno "kizazi" liandikwe kamili. Niliwahi kupokea faili limeandikwa "kimeshuka" peke yake, karani akaweka O69.0, ambayo ni ya kamba ya kitovu kutangulia mtoto wakati wa kuzaliwa. Ni dharura nyingine kabisa. Bima wakauliza upasuaji uko wapi.

KaraniWaTudor

Ahsanteni sana, Bibi, Mkunga, na wewe wa Kisauni. Nimemngoja daktari hadi alipomaliza mzunguko wa wodi, nikamuuliza vile vile. Hakukasirika. Alikaa kitini, akafunga macho kidogo akikumbuka, akaandika nyongeza ya mistari sita: mlango wa kizazi +2, umefura kiasi, hauna kidonda, mkojo unatoka, mimba wiki 22 na siku 3 kwa hedhi ya mwisho, pesari ya duara, arudi baada ya wiki mbili.

Dai limeondoka saa tisa likiwa na O34.5. Dirisha la malipo nimewaonyesha nakala, wamekubali kumsubirisha mama mpaka jibu lije. Nimempigia simu mwenyewe kumwambia asiuze chochote kwa ajili ya deni hilo. Kumbe alikuwa keshatafuta wa kumuuzia cherehani yake.

Mkunga, siku yake ya kurudi nimeiandika kwa kalamu nyekundu juu ya jalada la faili.