Land Rover ya marehemu mjomba: nimwage oili tu au nishushe giaboksi?

Mwana_Mikindani: Habari zenu wakuu. Familia imenikabidhi Land Rover ya marehemu mjomba. Imelala muda mrefu ila injini tumeiwasha, inanguruma vizuri. Nataka iingie kazini kabla ya msimu wa korosho. Fundi mmoja anasema mwaga oili zote, jaza mpya, ondoka. Mwingine anataka ashushe giaboksi, afungue na difu (gia za katikati ya ekseli), abadili sili zote (raba za kuzuia oili isivuje). Gharama zimepishana sana. Nimsikilize nani?

Fundi_Chikongola: Series ngapi, yaani toleo la ngapi? Fupi au ndefu? Imelala wapi, tangu lini? Klachi inakata?

Dada_Lindi: Na iliinuliwa kwenye magogo au ilikaa kwa matairi?

Mwana_Mikindani: Samahani. Ni Series III ndefu, ya petroli. Ilikuwa bandani huku Mikindani, bahari inaonekana, tangu 2011. Klachi nikikanyaga pedali inazama na hairudi. Injini ikiwaka gia haziingii.

Fundi_Chikongola: Sasa tumekuelewa. Oili isubiri, anza na klachi. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na kwa miaka yote hiyo masta ya juu na ya chini, zile pampu za klachi, zimepata kutu ndani, raba zimekauka. Badili zote mbili. Gia zikiendelea kukataa, pleti ya klachi imegandana na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Pasha injini moto, zima, kanyaga pedali uikaze kwa mti mpaka asubuhi. Mara nyingi huachia. Isipoachia ndipo ushushe, na kwenye Series giaboksi hutokea ndani: viti na sakafu vyote vinang'oka. Kazi hiyo huifanyi kwa kubahatisha.

Mzee_wa_Spea: Giaboksi isiyolalamika usiifungue, mwanangu. Weka oili ya gia EP90 yenye alama ya daraja GL-4, lita 1.5 kwenye giaboksi na 2.5 kwenye transfa, ile boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma. Wauzaji watakupa GL-5 kwa sababu namba ni kubwa. Kataa. Dawa yake ni kali zaidi, na nyingine hula ringi za shaba za gia. GL-5 mpe difu ya nyuma, hiyo ya aina ya Salisbury inaihitaji.

Masasi_4x4: Mzee, mimi natumia GL-5 kila mahali na gari inatembea.

Mzee_wa_Spea: Inatembea leo. Shaba haifi kwa siku moja.

Mkorosho: Mimi nasema fungua difu, na nina sababu. Baba mdogo alitoa Land Rover yake kwenye ghala, wakamwaga oili ya injini na ya giaboksi, za difu wakaziacha kwa kuwa "zipo". Tumetoka Masasi salama. Kufika Ndanda nyuma ikaanza kulia, kwanza kidogo, ukiachia mafuta inanyamaza. Dereva akasema ni matairi. Tulipokaribia Nyangao mlio umekuwa wa chuma kwa chuma, kisha propela, ile shafti ya kwenda difu, ikakaza na gari ikasimama katikati ya barabara, magunia juu, jua kali. Tulipofungua, oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tundu la kupumulia liliziba na maji yaliingia. Beringi ya pinioni, gia ndogo ya difu, nusu ya juu, ile isiyofikiwa na oili gari ikiwa imesimama, ilikuwa kutu tupu na imetafuna meno. Baba mdogo aliuza shamba kidogo kuirudisha. Roho iliniuma sana.

Dada_Lindi: Pole sana. Basi afungue nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ukishamwaga halafu ya juu ikagoma, gari haiendi popote. Akinge oili kwenye beseni jeupe aiangalie.

Babu_Nachingwea: Gari hizo ndizo zilizokuja na mradi wa karanga wa Waingereza, enzi za ukoloni.

Fundi_Chikongola: Shikamoo babu. Mradi ulisitishwa 1951, Series III ilianza 1971. Za karanga zitakuwa zile za mwanzo kabisa, Land Rover yenyewe ilitoka 1948.

Babu_Nachingwea: Marahaba. Lakini reli ya mradi huo, ya Mtwara, niliiona kwa macho yangu.

Masasi_4x4: Reli tuifungulie uzi wake. Mkuu, mipira ya mbele ya usukani, zile tufe za chuma nyuma ya magurudumu, ikoje? Ikiwa na vishimo vya kutu, sili mpya itachanika tena.

Mwana_Mikindani: Ina vishimo upande wa kushoto. Masta za klachi nimeagiza Dar. Difu ya nyuma nati ya kujazia imekataa, nimeimwagia dizeli inalala. Hiyo mipira inasafishika au ninunue?

Mzee_wa_Spea: Nunua.

Fundi_Chikongola: Inasafishika, inategemea vishimo. Weka picha.